Kilo kumi na moja

Daftari la kliniki la mama yangu lina gamba lililochanika na kushonwa kwa uzi mweusi. Ni lile daftari ambalo ukilipoteza umepoteza historia yako yote ya hospitali, kwa hiyo analifunga ndani ya kipande cha kitenge pamoja na kadi ya bima. Siku moja tukiwa kwenye benchi la kliniki ya kifua tangu saa moja asubuhi, simu yangu ikaisha chaji, nikalifungua kwa kukosa cha kusoma. Pembeni mwa kurasa, pale manesi wanapoandika vipimo kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari, kulikuwa na uzito: 52. Kurasa chache mbele, 49. Halafu 47. Halafu 44. Na asubuhi ile, kwa biro nyekundu, 41.

Miandiko mitano, watu watano, miaka miwili na nusu. Kila mmoja alipima vizuri na kuandika vizuri. Dawa zilitolewa, presha ilipimwa, kifua kilisikilizwa. Hakuna aliyegeuza kurasa nyuma. Na mimi ninayembeba mama kwenye gari kila mwezi, ninayejua bei ya pampu yake ya kuvuta dawa kuliko bei ya petroli, nilikuwa sijageuza pia.

Siyo kwamba hatukuona anakonda. Tuliona, ila kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mimi nilisema uzee. Dada yangu aliyeko Moshi alisema ni msiba, maana tulimzika baba mwaka ule ule uzito ulipoanza kushuka. Kijijini Machame walikuwa na maelezo yao, yale yanayosemwa kwa sauti ya chini kuhusu mtu yeyote anayepungua, ingawa vipimo vyote alishapima, cha virusi na cha kifua kikuu, zaidi ya mara moja, na vyote vilikuwa safi. Mama mwenyewe alisema chakula cha mjini hakina ladha, hasa cha kupikwa kwa gesi.

Ugonjwa wake daktari aliuita ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mtaani tunasema "kifua", au "pumu ya ukubwani", na majina yote mawili yanapoteza watu. Pumu huja na kuondoka. Huu ukija umekuja: njia za hewa zimekuwa nyembamba, vifuko vya hewa vimelegea kama mpira wa suruali ya zamani, hewa inaingia na haitoki yote. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5, ukawa wa nne kwa kuua duniani. Wengi wakisikia hivyo wanawaza sigara. Mama hajawahi kushika sigara hata ya kumwashia mtu. Alishika kuni.

Jiko letu la Machame lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, mafiga matatu, kuni za mibuni iliyozeeka na kung'olewa, na darini mahindi ya mwaka mzima. Moshi ulikuwa na kazi. Ulikausha mahindi, ukafukuza fukusi. Ndiyo maana ninapowasikia watu wakisema "si wangeweka tu dirisha", huwa nacheka kidogo. Ungeweka dirisha, mahindi yangeliwa na wadudu kabla ya Pasaka. Mama aliinama juu ya mafiga yale zaidi ya miaka arobaini, mara tatu kwa siku, mara nyingi na mtoto mgongoni. Mimi ni mmoja wa watoto hao.

Baada ya ile siku ya daftari, jioni nilikaa mezani mkabala naye na kuzima televisheni. Nilitaka kumwangalia anavyokula, jambo ambalo kwa mtu mzima ni utovu wa adabu, kwa hiyo nilijifanya nasoma risiti. Kulikuwa na ugali, maharage na mchicha. Alikata tonge, akachovya, akatafuna. Halafu akasimama kutafuna, akakunja midomo na kutoa pumzi polepole, kama mtu anayepuliza moto uwake. Akameza. Akavuta pumzi tatu. Tonge la pili. Kufika la nne mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na mkono wa kushoto ameugandamiza mezani kama mtu anayetaka kunyanyuka. La sita hakulimaliza.

"Nimeshiba, baba."

Nilimwekea kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kabla ya kula kilisoma 93. Sasa kilisoma 88. Kwenye sahani ugali ulikuwa umebaki zaidi ya nusu, na dada wa kazi alikuwa tayari amesimama nyuma yake kuuondoa, maana sisi wengine tulishamaliza, na nyumbani kwetu watu wakimaliza meza inafutwa.

Nilikuwa nimelisikia hilo neno "nimeshiba" mara mia. Nilikuwa nalielewa kama wote tunavyolielewa. Usiku ule nikamuuliza vizuri, tukiwa wawili, ni tumbo lililojaa au ni nini. Alifikiri kidogo. "Nikila nachoka," akasema. "Nachoka kama nimepanda mlima. Sasa nitawaambia watu mezani kwamba nimechoka kula?"

Baadaye nilielewa kinachotokea. Chakula na hewa vinapita koo moja. Kila ukimeza, pumzi inasimama kidogo. Wewe na mimi hatuhisi, lakini mtu ambaye hana pumzi ya akiba anailipia kila tonge. Kutafuna nako ni kazi. Halafu kuna kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Kwa mgonjwa kama mama, mapafu yamejaa hewa iliyonasa na yamekikandamiza kiwambo chini hadi kimebaki bapa. Tumbo likijaa linakisukuma kutoka upande wa pili. Kwa hiyo shibe kwake inakuja kama kubanwa. Ukimlazimisha amalize sahani, unamlazimisha akose hewa.

Kuna hesabu nyingine iliyonishangaza zaidi. Kwa mtu mzima wa afya kupumua ni kazi rahisi sana, inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu za mwili. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu uliokomaa, misuli ya kupumua inaweza kutumia nguvu hadi mara kumi ya hizo. Mama amekaa kwenye kochi, hafanyi chochote, lakini kifua chake kiko shambani. Anaunguza zaidi, anaingiza kidogo. Mwili ukikosa unajila wenyewe, unaanza na misuli, na kiwambo nacho ni msuli. Kikikonda, kikohozi kinakuwa dhaifu, makohozi yanabaki ndani, maambukizi yanakuja, na kila shambulio linaondoka na kilo zake.

Mtaalamu wa lishe tulimpata kwa kuuliza, wala hatukuandikiwa. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, nusu ofisi nusu stoo ya maboksi. Binti mdogo tu. Alimwamkia mama, shikamoo, marahaba mwanangu, akavuta kiti akakaa naye ana kwa ana. Nilitegemea atatoa lile bango la makundi ya vyakula. Hakulitoa. Aliuliza mama anakula saa ngapi, amekaa wapi, na nani, na anachukua muda gani. Akachukua utepe ule wa kupimia watoto wenye utapiamlo, akauzungusha mkononi mwa mama juu ya kiwiko. Mama akanitazama. Ulikuwa umezunguka kwa wepesi mno.

Kisha hesabu: kilo 41, urefu mita 1.58. Gawanya uzito kwa urefu mara urefu, unapata 16.4. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu kwa mtu yeyote. Lakini kwa wagonjwa wa mapafu kengele inalia mapema zaidi. Mwaka 2004 Bartolome Celli na wenzake walichapisha kipimo kinachoitwa BODE, cha kukadiria nani yuko hatarini zaidi kufa na ugonjwa huu, na kati ya mambo manne waliyoyaweka, pamoja na kuziba kwa njia za hewa, kukosa pumzi na umbali mtu anaoweza kutembea kwa dakika sita, la nne ni huo uwiano wa uzito na urefu. Mstari waliuchora kwenye 21. Mama alikuwa 52 nilipoanza kumpeleka kliniki. Piga hesabu: 20.8. Alikuwa chini ya mstari siku ya kwanza, na sisi tulikuwa tunamsifu kwamba hana kitambi kama wenzake.

Yule binti akamwambia mama afungue mdomo atoe ulimi. Kulikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyogandia. Fangasi. Moja ya pampu zake ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na ukishavuta unatakiwa usukutue mdomo kwa maji na kuyatema, la sivyo dawa inabaki kwenye ulimi na koo na fangasi wanaota. Labda tuliambiwa siku ile ya kwanza kati ya mambo arobaini tuliyoambiwa. Hatukushika. Miezi yote ile mama analalamika kwamba chakula cha gesi hakina ladha, na sisi tunambishia kwa habari za nishati safi, kumbe ulimi ulikuwa umefunikwa. Alipopona ule utando, bado alisema chakula cha gesi hakina ladha. Lakini alikula.

Tulibadilisha ratiba kwanza, chakula baadaye. Pampu ya kufungua kifua inavutwa kama dakika ishirini kabla ya kula. Anakohoa na kutema makohozi kabla, maana kula na makohozi kifuani ni kupoteza muda. Anapumzika, haogi kisha akaja mezani moja kwa moja, kuoga kwenyewe kunamtosha. Anakaa wima, viwiko mezani, na sisi tumeacha kumwambia atoe viwiko mezani kama alivyotufundisha yeye. Maji na chai ni baada ya chakula, yasije yakachukua nafasi. Na badala ya milo mitatu ya kujaza sahani, mara sita kidogo kidogo, na asubuhi ndiyo ya kupewa uzito kwa sababu asubuhi ana nguvu. Kwa watu wanaotumia oksijeni ya mipira puani, binti yule alisisitiza, mipira haivuliwi wakati wa kula. Wengi wanaivua kwa heshima ya wageni.

Kuhusu chakula chenyewe, tatizo ni kwamba vyakula tunavyompa mgonjwa ni maji. Uji mwepesi, supu nyepesi, chai ya rangi na mkate. Mgonjwa anachoka kumeza, na alichomeza ni maji ya moto. Sasa kila kijiko lazima kilipe. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga kina kalori kama 95. Nusu parachichi la wastani ni kama 160. Yai ni kama 70 na gramu sita za protini juu. Uji wake tunaupika na maziwa, tunatia karanga zilizosagwa, na ukishaepuliwa kijiko cha mafuta. Kuna ule unga wa lishe unaouzwa kila kona, nafaka tisa, nafaka kumi na mbili. Sina ugomvi nao, ila mwingi ni wanga wa majina mengi. Na karanga tunachagua wenyewe, moja moja, zenye ukungu zinatupwa. Baada ya mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi, sinunui unga wa kusagwa na mtu nisiyemjua.

Dagaa wa unga tulijaribu kumchanganyia kwenye uji. Kwa wiki mbili bakuli lilirudi jikoni likiwa safi kabisa, tukafurahi. Halafu jirani akasema kuku wake siku hizi wanashinda kwenye dirisha la chumba cha bibi.

Aliyetuokoa ni dada yangu, kwa simu, kwa kusema jambo la wazi: mbona hampiki mtori? Ndizi za kupika zimechemshwa na nyama ya mifupa mpaka zimelainika, zikapondwa kwa mwiko, zikatiwa maziwa na kipande cha siagi. Haihitaji kutafunwa. Nyama inachambuliwa nyuzi nyuzi inapotea humo. Una mafuta, una protini, una potasiamu, ambayo dawa za kufungua kifua na za kukojoza maji huipunguza mwilini. Uchagani ni chakula cha mzazi, kwa hiyo mama alipoletewa bakuli la kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Mnanilisha kama nimejifungua." Kisha akaonja, akasema nani kapika, chumvi hakuna. Chumvi haikuwepo kwa makusudi, kwa sababu ya miguu kuvimba. Hilo hatujakubaliana mpaka leo.

Shangazi naye alipiga simu kutoka kijijini: msimpe maziwa, yanaongeza makohozi. Hili nimelisikia Dar, nimelisikia Arusha, nimelisikia kwa mtu aliyesoma. Mwaka 1990 huko Australia watafiti waliwapa watu wazima 60 kirusi cha mafua puani, wakahesabu maziwa waliyokunywa na kupima makamasi waliyotoa. Aliyekunywa mengi hakutoa mengi. Kinachotokea ni kwamba maziwa yakichanganyika na mate yanaacha utelezi mzito kooni, unahisi makohozi. Nilimweleza shangazi haya yote kwa unyenyekevu. Akaniuliza kama huyo Mwaustralia anamfahamu wifi yake.

Mtandaoni utakutana na upande mwingine: acha wanga kabisa, wanga unazalisha kabonidayoksaidi nyingi. Kwenye maabara ni kweli kwamba wanga ukiunguzwa unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mafuta kwa oksijeni ile ile. Lakini kumnyima ugali mtu wa kilo 41 kwa hesabu hiyo ni wazimu. Shida halisi ni kumshindilia chakula kuliko mwili unavyohitaji, na sisi tulikuwa mbali sana na huko. Maharage tuliyabakisha pia, yanalowekwa usiku kucha na maji yanamwagwa, gesi ya tumboni inapungua. Soda ndiyo iliyotoka.

Sitaki mtu asome hapa akamlishe kila mgonjwa wa kifua karanga. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzee aliyevuta sigara tangu ujana, ana ugonjwa huo huo na tumbo kubwa mbele, na lile tumbo ndilo linalomsukuma kiwambo. Yeye ameambiwa apunguze, tena taratibu, bila kupoteza misuli. Wanakaa barazani jioni, mama na yeye, mmoja anaambiwa ale na mwingine anaambiwa asile, na wote wawili wanalalamika.

Uzito ulipanda kwa kuchechemea. 41.5. Kisha 43. Kisha 44.2, na tukamwimbia. Mwezi wa saba ukaja na baridi yake, akashambuliwa, siku sita wodini. Alipotoka mzani ulisoma 46, uso umejaa, ndugu wakasema hospitali imemnenepesha. Nikabonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu wake, kikaacha shimo. Yalikuwa maji, na uso ulikuwa vidonge vya prednisolone, steroidi ya kumeza, ambavyo vinamfungua kifua lakini vikikaa muda mrefu vinakula misuli na mifupa. Maji yalipotoka, 42. Tangu hapo kwenye daftari naandika mwenyewe, kwa kalamu yangu, uzito na neno moja pembeni: miguu imevimba, au haijavimba. Na kwa kuwa misuli hairudi kwa kula tu, anasimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, huku akihesabu kwa Kichagga ili wajukuu wasijue akiruka namba.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Natamani iwe hivyo. Ila mapafu yaliyokwisha kuharibika hayafunguki kwa kubadili jiko, na wenye nayo wako majumbani, wanasema wameshiba.

Desemba tulikwenda Machame. Mtungi wa gesi niliompelekea miaka minne iliyopita ulikuwa pale pale, umefunikwa kitambaa cha kufuma, unapikia chai ya wageni. Binti wa dada yangu alikuwa kibandani na mafiga, na mama amekatazwa kuingia, kwa hiyo aliweka kigoda nje ya mlango, upande ambao upepo unautoa moshi, akawa anatoa amri kutoka hapo: punguza moto, geuza, hiyo nyama bado. Mtori ulipoiva tukala chini ya mgomba, watu kama kumi na tano. Sisi tulimaliza. Watoto wakatawanyika, shangazi akaanza kukusanya vyombo.

Mama alikuwa na bakuli lake magotini. Kijiko, kisha anapuliza, kisha anakaa kidogo akitazama migomba. Kijiko kingine. Mjukuu mmoja alinyoosha mkono kulichukua na shangazi, yule yule wa maziwa, akampiga kibao cha mkono. Ilichukua dakika arobaini na kitu. Vyombo vingine vyote vilikuwa vimeshaoshwa na kuanikwa.